Asili Hazipimwi kwa Kibaba

Mwanzoni mwa kiangazi kilichopita ilikuja posa nyumbani kwa dada yangu hapa Msata, posa njema ya kijana mwenye shamba la mananasi upande wa Kiwangwa, anayejulikana kwa wazazi wake na kwa kazi ya mikono yake, na mambo yalikuwa yamekwisha kunyooka, mahari yametajwa na siku inakaribia kupangwa, hata ami mmoja wa kijana aliposhauri kwamba majina ya wawili hao na ya mama zao yapelekwe kwa mwalimu wa vitabu akayatazame. Jawabu lilirudi baada ya siku mbili katika kikaratasi kilichochanwa daftarini. Nyota ya binti ni ya moto na nyota ya kijana ni ya maji. Maji huzima moto na moto hukausha maji. Ndoa hii haina mizani, ila binti aongezewe upepo na udongo anaopungukiwa, na kuongezewa huko kuna gharama zake. Dada yangu hakuwa na gharama hizo. Upande wa pili wakaingiwa na hofu, na posa ikavunjika bila ya mtu kumkosea mtu.

Siandiki haya kwa kuililia posa, kwani posa huja na kwenda, na mpwa wangu ni binti mwenye afya na adabu ambaye hatakosa wa kumtaka. Naandika kwa sababu katika siku zile za kwenda na kurudi baina ya nyumba mbili, nikiwa mimi ndiye mjomba na neno langu likingojwa, niliona kwamba hapakuwa na mtu hata mmoja barazani aliyeuliza swali lililopasa kuulizwa. Waliuliza gharama ni kiasi gani. Waliuliza kama yuko mwalimu hodari zaidi Bagamoyo au Tanga. Waliuliza kama upepo unaweza kuongezwa peke yake na udongo ukangoja mavuno. Lakini hakuna aliyeuliza kama ni kweli kwamba mtu hupungukiwa asili, wala kama ni kweli kwamba mizani ya maumbile ni kuwa na kila kitu kwa kipimo kimoja. Hilo walilipokea wote kama wanavyopokea kwamba jua huchomoza mashariki.

Basi rai ninayoipinga ni hiyo, nayo imeenea kuliko tunavyokiri. Inasema kwamba kila insani ameumbwa kwa asili kadhaa zinazohesabika. Kwamba heri yake iko katika kulingana kwa hesabu hiyo. Kwamba iliyo chache ni aibu ya kujazwa na iliyo nyingi ni hatari ya kupunguzwa. Na kwamba watu wawili ambao asili zao zinapingana katika karatasi hawawezi kukaa chini ya paa moja. Ilitufikia zamani kwa vitabu vya unajimu wa Kiarabu, ikakuzwa katika redio na magazeti ya zama zetu, ambamo jina la marehemu Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki 2011, lilijulikana na kila nyumba ya nchi hii. Na sasa inatufikia tena kwa mlango wa pili, mlango wa Uchina, kupitia simu za vijana wetu. Wako walioipinga kwa hoja ya dini, wakisema kwamba ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake, na Ibn Khaldun aliifungia sanaa ya nyota mlango mzima wa kuibatilisha katika Mukadima yake ya 1377. Sitarudia kazi yao. Mimi nataka kuingia ndani ya nyumba ya wenye fani, niketi katika jamvi lao, nichukue vipimo vyao wenyewe, na nionyeshe kwamba rai hii ni batili hata kwa vipimo hivyo.

Nianze na hisabu yetu ya pwani, nami naiweka wazi ili msomaji aifanye kwa mkono wake. Kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake kwa taratibu ya abjadi: alifu ni 1, be ni 2, jimu ni 3, dali ni 4, mpaka ghaini ambayo ni 1,000. Huchukuliwa jina la mtu na jina la mama yake, thamani za herufi zikajumlishwa, jumla ikatolewa kumi na mbili, kumi na mbili, hata isitoleke tena, na bakaa ndiyo burji yake: ikibaki 1 ni Hamali, 2 Thauri, 3 Jauza, 4 Saratani, 5 Asadi, 6 Sumbula, 7 Mizani, 8 Akarabu, 9 Kausi, 10 Jadi, 11 Dalu, na isipobaki kitu ni Hutu. Kisha burji hizo hugawanywa katika asili nne, tatu tatu. Hamali, Asadi na Kausi ni za moto. Thauri, Sumbula na Jadi ni za udongo. Jauza, Mizani na Dalu ni za upepo. Saratani, Akarabu na Hutu ni za maji. Hiyo ndiyo fani nzima ya kikaratasi kile.

Jina la mpwa wangu sitalitaja. Tuchukue majina mawili ambayo hayakosekani katika mtaa wowote wa Mrima: bibi harusi ni Salma na mama yake ni Fatuma. Salma akiandikwa kama waandikavyo Waarabu, ana sini 60, lamu 30, mimu 40 na ye ya mwisho 10, jumla 140. Fatuma kwa mwandiko wa Kiarabu ana fe 80, alifu 1, ta nzito 9, mimu 40 na he ya mwisho 5, jumla 135. Pamoja ni 275. Toa 264, zabaki 11, naye Salma ni Dalu, mtu wa upepo. Lakini walimu wetu wengi wa vyuo huandika Salma kwa he mwishoni, si kwa ye, na wala hawakosei mbele ya desturi yetu. Basi Salma anakuwa 135, jumla 270, zabaki 6, naye ni Sumbula, mtu wa udongo. Turudishe ye yake, lakini mama tumwandike kama tunavyomtamka sisi, Fatuma, kwa wau badala ya alifu: anakuwa 140, jumla 280, toa 276, zabaki 4, naye binti ni Saratani, mtu wa maji. Tumpe tena ile he, na mama aandikwe kwa haraka bila ya alifu wala wau, kama ninavyomwona ameandikwa katika hati zaidi ya moja za nyumbani kwetu: mama ni 134, jumla 269, zabaki 5, na Salma sasa ni Asadi, moto mtupu.

Binti ni mmoja, mama ni mmoja, na asili zote nne amekwisha kuzipita, naye yuko jikoni akipepeta mchele, hana habari. Kilichogeuka ni kalamu. Naye mwenye fani akisema kwamba mwandiko sahihi ni mmoja tu, nitamwuliza afanyeje na Sikudhani, na Mwanakombo, na Tatu, majina ambayo hayakupata kuwa na mwandiko wa Kiarabu ulioamuliwa na mtu. Na afanyeje na Chausiku na Pili, ambao herufi ya kwanza ya majina yao haimo katika abjadi kabisa, akalazimika kuazima herufi jirani na kwa kuazima huko akambadilishia mtu asili yake. Wenye vitabu humtaja Abu Maashari kuwa ndiye mtungaji wa hisabu hii. Abu Maashari wa Balkh, aliyefariki 886, alikuwa mnajimu mkubwa wa dola ya Abbasiya, na katika kitabu chake kikuu cha kuingilia elimu ya nyota hukumu hutafutwa katika mahali pa sayari mbinguni na nyendo zake, kazi ambayo haifanyiki bila ya vipimo na zana. Kulihusisha jina lake na kujumlisha herufi katika karatasi ya daftari ni kumdhulumu maiti.

Sasa niingie mlango wa pili. Uchina si mgeni kwetu. Vigae vya vyombo vyake hufukuliwa katika magofu ya Kaole, mwendo mfupi kutoka mji wa Bagamoyo, na reli ya TAZARA waliyotujengea baina ya 1970 na 1975 ingali inapita. Ila hisabu yao ya nyota ndiyo imetufikia juzi. Vijana wetu huandika katika simu tarehe na saa ya kuzaliwa, nao huletewa mchoro wa rangi: mti mbili, moto nne, udongo moja, chuma moja, maji sifuri. Kijana akiona sifuri ile hushtuka kana kwamba ameambiwa hana ini. Chini yake huelekezwa ajaze pengo: avae nyeusi, aelekee kaskazini alalapo, aweke maji karibu naye. Mmoja wao alinionyesha mchoro wake pale njia panda, basi la Tanga likimngoja, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyepewa habari za msiba.

Nimejishughulisha kuifahamu fani hiyo kwa wenyewe, na niliyoyakuta si hayo. Wachina huandika wakati wa kuzaliwa kwa nguzo nne, za mwaka, mwezi, siku na saa, na kila nguzo ina herufi mbili, moja ya juu waiitayo shina la mbingu na moja ya chini waiitayo tawi la ardhi. Ndizo herufi nane ambazo fani imepewa jina lake. Asili zao ni tano: mti, moto, udongo, chuma na maji. Huzaana kwa duara, mti ukazaa moto, moto ukazaa udongo, udongo ukazaa chuma, chuma kikazaa maji, na maji yakauzaa mti tena. Na hutawalana kwa duara jingine, mti ukiutawala udongo, udongo maji, maji moto, moto chuma, na chuma mti. Mpaka hapa simu na mabingwa hawana ugomvi. Ugomvi unaanza katika kuhesabu.

Xu Ziping, ambaye fani hii imeitwa kwa jina lake tangu zama za ufalme wa Song, aliigeuza kazi ya waliomtangulia, waliokuwa wakiuweka mwaka kuwa kitovu, akalifanya shina la siku kuwa ndiyo nafsi ya mtu, na nguzo ya mwezi kuwa ndiyo yenye amri. Neno amri si langu, ni lao: tawi la mwezi huitwa amri ya mwezi, kwa kuwa ndilo linalosema ni majira gani, na majira ndiyo yanayosema nani ana nguvu. Mti wa majira ya machipuko, uliopata mizizi katika mwezi wake, hauogopi chuma kidogo. Mti wa majira ya mapukutiko, hata ukiwa mara tatu kwa idadi, huelea juu bila ya mahali pa kushika. Asili moja iliyo katika zamu yake hushinda nyingi zilizopitwa na zamu. Anayehesabu ngapi bila ya kuuliza lini hajaanza kusoma.

Fauka ya hayo, sifuri yenyewe aghalabu si sifuri. Kila tawi la ardhi limeficha ndani yake shina moja, mawili au matatu. Tawi la Joka kwa nje ni udongo, lakini ndani limebeba maji na mti; tawi la Nyani kwa nje ni chuma, na ndani yamo maji; tawi la Ng'ombe kadhalika ni udongo uliohifadhi maji na chuma. Aliyemwandikia kijana yule kwamba hana maji amehesabu milango ya nyumba na hakubisha hodi. Na liko neno zito zaidi katika vitabu vya mabingwa: ziko nyota ambazo asili moja imezitawala kabisa, nguzo zote zikaelekea upande mmoja, na hukumu yao hapo ni kuifuata asili hiyo, wala si kuipinga, kwa maana kikombe cha maji kikimwagwa katika moto mkubwa hakiuzimi, huuchochea. Yaani ndani ya fani yenyewe liko tokeo ambalo kujaza pengo ndiko kunakoharibu. Hilo simu hailisemi, kwa sababu pengo lina biashara yake.

Desturi ya kujaza pengo kwa jina iko Uchina pia, tena kongwe, na mwandishi wao mkubwa Lu Xun aliigusa katika hadithi yake ya 1921 iitwayo kwa Kichina Guxiang, yaani kwetu nilikozaliwa. Ndani yake yumo mtoto wa mkulima, Runtu, aliyepewa jina hilo kwa kuwa kuzaliwa kwake kulionekana hakuna udongo katika asili tano, na herufi ya pili ya jina lake maana yake ni udongo. Akajazwa. Alipokutana na msimulizi baada ya miaka mingi, alikuwa mtu mzima aliyepinda kwa watoto wengi, kwa njaa, kodi, askari na wanyang'anyi, mikono imepasuka kama gome, akimwita rafiki yake wa utotoni kwa jina la mtumwa kwa bwana. Udongo wa jina alikuwa nao maisha yake yote, na alichokosa ni ardhi yenye mavuno yasiyonyang'anywa. Sijui hoja inayoweza kuipita hadithi hiyo kwa mkulima wa Msata anayeisoma.

Kisha liko jambo la mahali, nalo limenishangaza kuona jinsi lisivyosemwa. Majira ya Wachina ni majira ya nchi yao. Mwaka wao wa nyota huanza kama tarehe 4 Februari, kwa mwendo wa jua, nao hugawanywa katika vipindi 24, na kimoja cha vipindi hivyo, kinachoanza kama tarehe 20 Januari, kinaitwa Baridi Kuu, kwa kuwa huko kaskazini maji huganda na ardhi hulala. Mtoto akizaliwa katika siku hizo, hisabu humwona ametoka katika baridi na unyevu, na husema kwamba anahitaji moto kuliko kitu chochote. Azaliwe Msata, basi, tarehe 20 Januari. Mvua za vuli zimekwisha, masika hayajakuja, kaskazi inavuma kavu, majani ya kando ya barabara ya Segera yamekuwa rangi ya kamba, na mama amemtoa mtoto nje chini ya mwembe akimpepea kwa kipande cha boksi kwa sababu ndani hapakaliki. Ndiye huyu anayeambiwa kwamba amepungukiwa moto! Wenye fani wenyewe wanabishana kama miezi igeuzwe kwa waliozaliwa kusini mwa mstari wa ikweta, na bishano halijesha. Lakini simu iliyo mkononi mwa kijana wetu haibishani na mtu, imekwisha kutoa hukumu.

Nao wazee wetu walikuwa na elimu ya majira isiyohitaji kuazima. Walihesabu mwaka wa jua kutoka Nairuzi kwa miongo, kumi baada ya kumi, wakajua mwongo upi ni wa kufyeka na upi ni wa kupanda, lini Kilimia kinaonekana na lini kimezama, lini chombo kinashuka na kaskazi na lini kinarudi na kusi. Makunduchi wangali wanaukoga mwaka huo kila Julai. Elimu ile ilikuwa kubwa kwa sababu iliuliza lini na wapi, na ikikosea njaa iliikosoa. Anayetetea kikaratasi cha burji kwa kusema kwamba ni urithi wa wazee amechukua ganda akaacha kokwa.

Lakini naona msomaji mmoja ameinua mkono. Atasema: yote hayo ni makosa ya wahesabuji, ila kwamba usawa ni jambo jema, nani atakataa? Mimi nakataa, na ninaye wa kunitangulia. Ibn Sina, aliyefariki 1037, na ambaye Kanuni yake ya utabibu ilisomwa mashariki na magharibi kwa mamia ya miaka, alipofika katika mlango wa mizaji ya mwili aliuliza neno hili hili: mizaji ya wastani maana yake nini? Akajibu kwamba kuwa na asili zote kwa uzani mmoja ni jambo la kufikiriwa tu, haliwezi kupatikana katika kiumbe. Na kwamba matabibu wanapotaja wastani hawakusudii kulingana kwa uzani, bali wanakusudia uadilifu katika mgawo, yaani kila kiumbe kupewa katika kila asili fungu linalokistahili. Ndipo akaleta mfano wa Mhindi na wa mtu wa kaskazini: kila mmoja ana mizaji iliyo afya kwake, na lau Mhindi angepewa mizaji ya yule wa kaskazini, angeugua au angekufa. Usawa wa vibaba ni kitu kimoja na uadilifu ni kingine, na lugha yetu imebahatika kuyapokea maneno yote mawili, hata hatuna udhuru wa kuyachanganya.

Anayetaka kuliona hilo kwa macho asiende mbali. Miezi michache iliyopita nilikesha na mchomaji mmoja wa mkaa, mzee wa Kikwere, katika pori lililoko kaskazini mwa hapa tukielekea Wami. (Suala la misitu linastahili makala yake, na sitalificha hapa kwa kuwa nilikula ugali wa mtu.) Tanuri lilikuwa refu kupita chumba, magogo yamepangwa yakashikana, yakafunikwa majani mabichi, kisha udongo juu yake kiasi cha shubiri. Moto ulitiwa kwa upande mmoja, kwa mlango mdogo ambao baadaye uliachwa tundu tu, na matundu mengine machache yakapasuliwa ubavuni. Usiku wa kwanza moshi ulitoka mweupe na mzito, naye akaniambia, "Hayo ni maji ya mti, mwanangu, yaache yatoke, yakibaki ndani hakuna mkaa." Siku ziliposonga moshi ukawa mwembamba, ukaelekea buluu. Mara mbili usiku aliinuka bila ya kuamshwa na mtu, akaenda na sepetu akaziba ufa ambao mimi sikuuona, maana upepo ukiingia pale mti wote unakuwa majivu kabla ya alfajiri.

Lihesabu tanuri lile kama simu inavyohesabu: mti mwingi kupita kiasi, udongo mwingi, moto kidogo, upepo kidogo zaidi, maji hakuna. Mwonyeshe mchoro huo mtaalamu wa mapengo, naye atakushauri uongeze maji na upepo ili mizani ikae. Ukimwaga maji siku ya pili, umezima. Ukiongeza upepo ulingane na udongo, una majivu. Mzee yule hakulinganisha kitu, aliigawia kila asili fungu lake na zamu yake, na kuna asili moja ambayo kazi yote ilikuwa ni kuitoa. Katika ndoa, katika mwili, katika tabia ya mtu, sioni kwa nini jambo liwe jingine. Wako watu wa hasira ya haki ambao lau mngewazima mngewapoteza. Wako wapole mno ambao mji mzima unawategemea kwa upole wao huo. Kuwaambia hawa kwamba wamepungukiwa ni kuwatia ugonjwa ambao hawakuwa nao.

Imebaki hoja moja, nayo ndiyo husemwa kwa sauti ya chini barazani kana kwamba inamaliza maneno: fulani na fulani nyota zao zilikuwa hazipatani, wakaoana kwa ubishi, na wameachana. Ni kweli, wameachana. Lakini tuhesabu. Kwa kanuni yao moto hupatana na moto na upepo, na haupatani na maji wala udongo. Udongo hupatana na udongo na maji. Na hivyo hivyo kwa zilizobaki. Asili nne zikigawanyika sawa baina ya watu, basi katika ndoa zote, zilizosimama na zilizoanguka, karibu nusu zitakuwa za nyota zisizopatana, bila ya nyota kuwa na kazi yoyote katika kusimama wala kuanguka kwake. Ukienda mwenyewe nyumba kwa nyumba ukawahesabu waliokaa miaka arobaini pamoja, utakuta moto na maji tele wakinywa uji katika bakuli moja. Hao hakuna anayewataja, kwa sababu amani haina habari. Wala Wachina hawasemi kwamba maji na moto ni talaka. Mabingwa wao hutafuta mti wa kupita katikati, kwa kuwa maji huzaa mti na mti huzaa moto, na uadui ukapata njia ya kuwa ukoo. Hata kwa sheria za fani, jawabu lililoletwa kwa dada yangu lilikuwa jawabu la mtu aliyeishia katika ukurasa wa kwanza.

Wazee wenzangu wa Msata, na wa Lugoba, na wa Kiwangwa, nawaomba neno jepesi. Posa ikija, pelekeni mtu mzima akaangalie shamba la kijana na akaulize majirani kama analipa deni lake na kama anamsemesha mama yake kwa heshima; na binti aulizwe yeye mwenyewe, faraghani, na mtu asiyemwogopa. Na ikiwa hapana budi majina yahesabiwe, yahesabiwe mbele ya baraza, na mwenye kuhesabu aseme kwanza, kabla ya kushika kalamu, ni mwandiko upi ulio sahihi na kwa dalili gani, kisha mtoto wa chuo aite namba zile kwa sauti ili sote tusikie. Kikaratasi kile ninacho kwangu, na anayetaka kukihakiki aje akisome. Na kwa ami wa kijana yule, kama maneno haya yatamfikia: dada yangu hajapokea posa nyingine, na mlango wake haukufungwa.